Jinsi ya Kuchagua Amplifaya Moja ya Gitaa Itakayobeba Bluzi na Roki: Mwongozo Kamili

Kosa linalojirudia ni lilelile. Mtu anaingia dukani, anatazama idadi ya wati, anahesabu efekti, anafungua geini (nobu ya kuongeza mkwaruzo) mpaka mwisho, anapiga dakika mbili, anapenda, analipa. Akifika nyumbani bluzi haitoki: kila noti ina ukali uleule, apige kwa upole au kwa nguvu. Akienda mazoezini, ngoma na besi zinaumeza ule mkwaruzo mtamu wa dukani, na wenzake wanamwambia hawamsikii.

Amplifaya inayoweza bluzi na roki pamoja haitambuliwi kwa ukali wake. Inatambuliwa kwa namna inavyoufuata mkono wako. Ukizigusa nyuzi taratibu, sauti isafike. Ukizichapa, ikwaruze. Ukishusha volyumu ya gitaa, irudi kuwa safi bila wewe kuinama kugusa nobu hata moja ya amplifaya. Hatua zote zilizo hapa chini zinaelekea kwenye kipimo hicho.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka nyumbani

- Gitaa lako mwenyewe. Usijaribu kwa gitaa la dukani. Pikapu (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) za hambaka, zenye koili mbili, zinatoa nguvu zaidi kuliko pikapu za koili moja, hivyo amplifaya ileile itaanza kukwaruza mapema kwa gitaa la aina ya Les Paul na kuchelewa kwa gitaa la aina ya Stratocaster.
- Waya wa gitaa unaouamini, wa mita 3 hadi 6. Waya mrefu sana unakula trebo, nawe utadhani amplifaya ndiyo butu.
- Simu ya kurekodi, pamoja na karatasi na kalamu.
- Pedali yako ya ovadraivu (ya kuongeza mkwaruzo), kama unayo.
- Vizibo vya masikio. Utahitaji kupandisha sauti kweli, na sikio lililochoka halichagui vizuri.
- Rafiki mmoja wa kusimama mbali na spika akusikilize. Kama anapiga ngoma au besi, ni bora zaidi.
- Bajeti iliyogawanywa. Usimalize fedha zote kwenye amplifaya. Tenga sehemu kwa ajili ya stebilaiza, waya wa pili na swichi ya mguu ya kubadilishia chaneli, ambayo mara nyingi huuzwa peke yake.

## Hatua ya 1: Andika utapiga wapi

Andika sentensi moja: "Kwa mwaka huu nitapiga zaidi mahali fulani, pamoja na watu fulani." Bila sentensi hiyo, muuzaji ndiye atakayekuchagulia wati.

Kuhusu wati, watu wengi wanadanganywa na hesabu. Wati zikiongezeka mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu. Utasikia tofauti, lakini si kubwa. Ili sikio lihisi sauti imekuwa mara mbili, wati zinahitaji kuongezeka karibu mara kumi. Kwa hiyo amplifaya ya wati 30 haina kelele mara mbili ya ile ya wati 15.

Makadirio yanayofanya kazi:

- Chumbani peke yako: amplifaya ya valvu (mirija ya kioo inayokuza sauti) ya wati 1 hadi 5, au ya dijitali yenye swichi ya kupunguza nguvu.
- Mazoezi na ngoma halisi, kanisa, ukumbi mdogo: valvu ya wati 15 hadi 22, au transista au dijitali ya wati 40 hadi 50 na kuendelea.
- Jukwaa kubwa au uwanja wazi: amplifaya hiyohiyo ya ukumbi mdogo, ikiwekewa maikrofoni mbele ya spika na kupelekwa kwenye miksa. Huhitaji wati 100.

Transista inahitaji wati nyingi zaidi kwa sababu ikifika ukomo wake sauti inapasuka vibaya, hivyo lazima ibaki na akiba. Valvu ikifika ukomo inaanza kukwaruza kwa utamu, na hapo ndipo bluzi inapoishi. Ndiyo maana valvu yenye wati nyingi mno ni hasara kwa mpiga bluzi wa chumbani: hatafika ukomo huo bila majirani kugonga mlango.

Umefanikiwa kama: unaweza kumwambia muuzaji mahali na kiwango cha wati kabla hajakuuliza.

## Hatua ya 2: Chagua aina ya mashine

Valvu. Mifano inayojulikana ni Fender Blues Junior (wati 15), Vox AC15 (wati 15), Fender Deluxe Reverb (wati 22) na Marshall DSL20 (wati 20, inayoweza kushushwa hadi 10). Zinaitikia mkono kuliko aina nyingine zote. Gharama yake ni uzito, joto, na valvu zinazochakaa. Kabla ya kununua, uliza katika mji wako kama valvu za 12AX7 na zile za nguvu, yaani EL84, 6V6 au EL34, zinapatikana, na kama yupo fundi anayezifahamu.

Dijitali. Boss Katana 50 ni mfano mzuri: spika ya inchi 12, na swichi ya nguvu yenye nafasi tatu, wati 0.5, 25 na 50. Unaweza kufanya mazoezi usiku kwa hedifoni na kesho ukapiga na bendi. Mashine za aina hii zina hatari moja, nayo ni wingi wa efekti unaokuficha usisikie sauti yenyewe ilivyo.

Transista tupu. Usizidharau. B.B. King alipiga kwa miaka mingi kupitia Lab Series L5, ambayo haina valvu hata moja, na hakuna aliyewahi kudai sauti yake ilipungua bluzi. Roland JC-120 ina sauti safi ya ajabu, lakini ukitaka roki uilishe kwa pedali.

Maoni yangu ni haya. Kama umeme wa kwako ni wa kupanda na kushuka, fundi wa valvu hayupo, na utakuwa na amplifaya moja tu, nunua ya dijitali yenye spika ya inchi 12. Kama una bendi inayokutana kila wiki na mahali salama pa kuiweka, nunua valvu ya wati 15 hadi 22 na uitunze.

## Hatua ya 3: Soma kibandiko cha umeme

Hatua hii inaokoa fedha kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Tanzania tunatumia volti 230 na Kenya volti 240, zote kwa hezi 50. Uingereza na Oman wako kwenye kiwango hichohicho, na plagi zao za miguu mitatu bapa zinaingia kwenye soketi zetu nyingi. Marekani wanatumia volti 120 na hezi 60, Japani volti 100. Ndugu akikuletea amplifaya nzuri kutoka Marekani nawe ukaichomeka ukutani kwa adapta ya plagi peke yake, itaungua. Adapta inabadilisha umbo la miguu tu, volti zinabaki zilezile.

Fanya hivi:

1. Geuza amplifaya, tafuta kibandiko nyuma. Kama kimeandikwa 100-240V, umepona. Kama ni 220, 230 au 240, sawa.
2. Kama ni 120V, utahitaji transfoma ya kushusha umeme. Tazama wati inazotumia kutoka ukutani, kisha nunua transfoma yenye uwezo mara mbili ya hizo. Usizichanganye na wati za spika: valvu ya wati 15 hunywa mara kadhaa ya hizo kutoka ukutani.
3. Jua kwamba transfoma ya ndani iliyotengenezwa kwa hezi 60 pekee hupata joto zaidi kwenye hezi 50. Ukipata toleo la volti 230 kwa bei inayokaribia, chukua hilo.

Onyo: usikate wala kuruka mguu wa ardhi kwenye plagi ili kuondoa mvumo. Huo ndio unaomlinda mpiga gitaa anayeimba. Gitaa lisilo na ardhi nzuri likiwa mkononi na mdomo ukigusa maikrofoni, shoti inapita mwilini. Amplifaya ya zamani yenye waya wa miguu miwili ipelekwe kwa fundi iwekwe waya wenye ardhi kabla ya kupigwa.

Umeme ukikatika katikati ya wimbo, zima swichi ya amplifaya mara moja. Usiiwashe tena mpaka umeme uliorudi utulie kwa dakika chache, maana ule mruko wa kwanza ndio unaoua fyuzi na transfoma.

## Hatua ya 4: Tazama spika na boksi

Kwa bluzi na roki, spika moja ya inchi 12 ndiyo chaguo salama. Inchi 8 zina sauti finyu, besi yake inachoka mapema. Inchi 10 zinafaa, hasa zikiwa mbili au zaidi.

Uliza pia usikivu wa spika, yaani ukubwa wa sauti inayotoa kwa wati zilezile. Spika ya desibeli 100 badala ya 97 inakupa ongezeko lilelile ambalo ungelipata kwa kuongeza wati maradufu.

Inua boksi kwa mkono mmoja, utembee nalo hatua kumi. Kama unapanda nalo daladala, matatu au bodaboda kila Jumapili, uzito ni sehemu ya sauti: amplifaya unayoiacha nyumbani haipigi.

## Hatua ya 5: Pima sauti safi kwanza

Zima kila efekti, mwangwi ukiwemo. Nobu za besi, midi (sauti za kati) na trebo ziweke katikati. Geini iwe chini. Volyumu ya gitaa iwe 10.

Piga kodi ya E ya wazi kisha uiache ife yenyewe. Uzi wa sita usivume kama boksi tupu, uzi wa kwanza usichome sikio. Halafu piga noti moja moja kwenye uzi wa kwanza, freti ya 12 na kuendelea. Hapo amplifaya nyingi za bei nafuu zinakonda. Noti ya juu inatakiwa iwe na mwili.

Sasa zungusha trebo polepole kutoka sifuri hadi mwisho. Mabadiliko yawe ya taratibu njia nzima. Nobu isiyofanya lolote mpaka nusu halafu ikaruka ghafla itakusumbua jukwaani.

Naanza na sauti safi kwa sababu mkwaruzo unaweza kuununua baadaye kwa pedali, lakini hakuna pedali itakayokuuzia sauti safi ambayo amplifaya haina. Na kwa mpiga gitaa wa kwetu sababu ni mbili. Mtu huyohuyo anayetaka bluzi Ijumaa ataitwa kupiga rumba Jumamosi na sifa Jumapili, na huko kote sauti safi ndiyo inayohitajika.

Umefanikiwa kama: unaweza kupiga dakika tano bila kutamani kuwasha mwangwi.

## Hatua ya 6: Pima ukingo

Hapa ndipo penye uamuzi. Kaa hapa muda mrefu kuliko hatua nyingine zote, hata muuzaji akikuna kichwa.

Ukingo ni mahali katikati ya sauti safi na mkwaruzo. Gitaa likiwa 10, pandisha geini kidogo kidogo huku ukipiga noti ileile kwa nguvu ileile. Simama pale ambapo pigo la nguvu linakwaruza na pigo la upole linabaki safi. Kama amplifaya ina volyumu moja tu bila masta (volyumu ya mwisho, iliyo tofauti na geini), utaufikia ukingo kwa kupandisha volyumu hiyo, nayo itapiga kelele. Vaa vizibo.

Ukishafika, usiguse tena amplifaya. Fanya majaribio haya manne kwa mikono na nobu za gitaa pekee:

1. Shusha volyumu ya gitaa hadi 7, kisha 4. Mkwaruzo upungue hatua kwa hatua, na kwenye 4 sauti iwe safi lakini hai. Amplifaya ambayo kwenye 4 inakuwa ndogo tu huku ikikwaruza vilevile haitakupa bluzi.
2. Badilisha mkono wa kupigia. Piga kwa kidole gumba karibu na shingo, kisha kwa piki karibu na daraja. Usikie sauti mbili tofauti kabisa.
3. Piga nyuzi mbili pamoja na uvute moja tu, kama wanavyofanya wapiga bluzi wote. Noti zote mbili zibaki zikisikika. Zikigeuka uji mmoja, geini ni nyingi mno au mashine haina utenganifu.
4. Vuta noti moja ndefu kwenye uzi wa pili au wa tatu, uiache ife. Ife kwa kufifia. Ikikatika ghafla au ikitatarika mwishoni, kwenye dijitali huenda kipunguza kelele kimewashwa: kizime urudie. Ikiendelea vilevile, achana nayo.

Jambo moja la kutenganisha: ukishusha volyumu ya gitaa na trebo ikapotea, usiilaumu amplifaya. Hilo linatokana na volyumu ya gitaa kushirikiana na waya. Fundi anaweza kuweka kapasita ndogo kwenye nobu ya volyumu ili trebo ipite.

Rekodi jaribio la kwanza kwa simu kwenye kila amplifaya unayoilinganisha, simu ikiwa umbali uleule. Nyumbani, bila shauku ya dukani, utasikia ni ipi iliyokuwa inabadilika na ipi ilikuwa inapungua tu.

Umefanikiwa kama: kwa mpangilio mmoja wa amplifaya umepata sauti ya kusindikiza, sauti ya bluzi na sauti ya solo, zote kutoka kwenye gitaa.

## Hatua ya 7: Pima roki

Sasa pandisha geini. Kama kuna chaneli ya pili, hamia huko. Piga kodi za nyuzi mbili kwenye E na A huku kiganja kikizifunga nyuzi kwenye daraja. Kila pigo liwe gumu na lisimame unaposimama. Besi inayochelewa na kuburuta itagongana na gitaa la besi.

Usishushe midi. Chumbani, midi zikiwa sifuri sauti inaonekana nene na ya kutisha. Kwenye bendi, ngoma na besi zinachukua chini, matoazi yanachukua juu, na wewe uliyeziondoa midi umejiondoa mwenyewe.

Shusha geini mpaka uanze kuona imepungua kidogo, halafu iache hapo. Kwa roki ya zamani inayotokana na bluzi, kodi ya nyuzi sita lazima bado isikike kama kodi.

Ukiwa na amplifaya ya chaneli mbili, angalia kama unaweza kusawazisha sauti ya kila chaneli na kubadilisha kwa mguu. Vox AC15, kwa mfano, ina chaneli mbili zenye tundu tofauti, huruki kutoka moja kwenda nyingine kwa swichi ya mguu. Hilo si kasoro kwa anayetumia volyumu ya gitaa au pedali, ila ulijue kabla ya kulipa.

Kama umekuja na pedali ya ovadraivu, iunganishe mbele ya sauti iliyo ukingoni. Amplifaya nzuri inapokea msukumo huo na kuimba kwa muda mrefu zaidi.

## Hatua ya 8: Pima chini na juu

Shusha masta mpaka sauti ya mazungumzo ya kawaida. Sauti ikiwa ndogo, sikio letu husikia besi na trebo kwa uhafifu zaidi, kwa hiyo usishangae sauti ikikonda. Unachotafuta ni kama ukingo bado upo.

Kisha omba ruhusa, pandisha kama utakavyopiga na ngoma. Rafiki yako asimame mita nne au tano mbele ya spika. Wewe ukisimama karibu, spika inaipigia miguu yako, nawe utaongeza trebo ambayo yeye itamtoboa. Mwamini yeye.

## Hatua ya 9: Kama ni ya mtumba

Amplifaya iliyotumika inaweza kuwa ununuzi bora kabisa. Kagua hivi:

- Iwashe kwa dakika 20 nzima kabla ya kusema lolote. Matatizo mengi hutokea ikishapata joto.
- Zungusha kila nobu. Mchakacho mdogo ni vumbi, fundi atausafisha. Mji wa pwani, chumvi ya hewani huzila nobu na tundu za jeki mapema, kwa hiyo chunguza kutu.
- Tikisa waya kwenye tundu la jeki. Sauti ikikatika, jeki imelegea.
- Tazama valvu kwa nyuma bila kugusa. Mwanga wa rangi ya chungwa ndani ni wa kawaida, na ukungu mdogo wa buluu kwenye valvu za nguvu mara nyingi hauna neno. Bamba la chuma likiwa jekundu, zima papo hapo. Valvu ambayo doa lake la fedha limegeuka jeupe imeingia hewa, imekufa.
- Nusa. Harufu ya kuungua kutoka kwenye transfoma ni sababu tosha ya kuondoka.

Onyo mbili za valvu. Usiiwashe kamwe bila spika kuunganishwa, transfoma ya kutolea sauti inaweza kuharibika. Ukitumia boksi la nje, ohmu za spika zilingane na tundu (4, 8 au 16) na utumie waya wa spika, si wa gitaa. Pili, usiifungue mwenyewe: ndani mna volti mia kadhaa, na kapasita huhifadhi umeme hata baada ya kuchomoa plagi.

## Hatua ya 10: Mazoezi ya kwanza na bendi

Omba risiti yenye muda wa kurudisha, halafu ipeleke mazoezini ndani ya muda huo. Iweke juu ya kiti au kreti, au iegemeze nyuma ielekee usoni mwako. Ikikaa sakafuni besi inavimba na wewe husikii trebo.

Anza na nobu zote katikati, geini ukingoni. Usiposikika, pandisha midi kabla ya kupandisha volyumu. Bado? Shusha besi. Bado? Punguza geini, maana mkwaruzo mwingi unasawazisha mapigo yako yote na kuyapoteza nyuma ya matoazi. Volyumu iwe ya mwisho.

Ukishapata mpangilio unaokaa na bendi, upige picha kwa simu. Kama umefika mwisho wa volyumu na bado ngoma zinakufunika, mashine ni ndogo kwa bendi hiyo: irudishe ukachukue yenye spika sikivu zaidi au wati zaidi, au uombe maikrofoni na nafasi kwenye miksa.